Mtoki Usio na Kidonda

Aliyeviona kwanza ni msusi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi huko Mbagala. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, amekaa juu ya mkeka kibarazani, kichwa amekiegemeza kwenye goti la mama anayemsuka miaka yote, anasukwa twende kilioni. Kwenye mstari wa tatu vidole vya msusi vikasita nyuma ya sikio. Vikateremka kisogoni, vikarudi juu, vikateremka tena.

"Mwanangu, hivi vinundu ulikuwa navyo mwezi uliopita?"

Hakuwa navyo, au alikuwa navyo bila kujua. Vilikuwa vitano au sita, kila kimoja ukubwa wa punje ya kunde, laini, ukivisukuma kwa kidole vinateleza chini ya ngozi, na haviumi. Msusi akaongeza neno la pili, ambalo sote tulilipuuza, mimi nikiwa wa kwanza: "Na nywele za mbele zinakatika. Usije ukasema ni mimi ninayevuta."

Jioni ile mama mdogo alimpigia simu bibi, Pangani. Bibi hakuuliza homa wala chakula. Aliuliza swali moja tu: "Ameumia wapi?"

Kwa bibi, tezi iliyovimba ni mtoki, na mtoki hauji wenyewe. Sisi tuliocheza chandimu pekupeku tulijifunza somo hilo kwa miili yetu. Unakanyaga kigae cha chupa Jumatatu, unakificha kidonda usije ukakatazwa kucheza, Jumatano unaamka unachechemea, na maumivu hayapo mguuni, yapo kinenani, kwenye nundu lililotuna kama yai la njiwa. Bibi anakukanda kwa kitambaa cha maji ya moto huku amekuinua unyayo anatafuta kidonda. Kidonda kikipona, mtoki unanywea.

Elimu hiyo haina kasoro. Vyuo vya udaktari vinafundisha hiyo hiyo, ila kwa maneno marefu. Majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kuzunguka katikati ya seli, yaani limfu, yana mishipa yake ya kuyarudisha kwenye damu, na njiani yanapita kwenye tezi. Mwili una tezi hizo kati ya 500 na 700, nyingi zimejificha kifuani na tumboni. Tunazoweza kuzishika ni za shingoni, kwapani na kinenani. Aliyewahi kuishi chini ya mjumbe wa nyumba kumi hatapata tabu kuelewa. Kila tezi ina nyumba zake kumi. Ya kinena inahudumia mguu, ya kwapa inahudumia mkono na titi, ya kisogo inahudumia ngozi ya kichwa. Kijidudu kikiingia katika nyumba mojawapo kinaburutwa hadi kwa mjumbe, chembe nyeupe zinakikagua, na zile zinazokitambua zinaanza kuzaana kwa maelfu. Mtoki ni umati uliojazana kwa mjumbe. Unauma kwa sababu gamba la tezi limetanuka ghafla.

Basi tulimkagua mdogo wangu kama bibi alivyoagiza. Hana kidonda kichwani, hana mba, hana jino bovu, hana findofindo, masikio mazima. Baada ya wiki tatu vinundu vilikuwa vimetokea kwapani pande zote mbili, na mikono haina hata mkwaruzo. Tukampa bibi taarifa. Akanyamaza kwenye simu kwa muda nisiouzoea.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilifanya mambo mawili ya haki na kuacha la tatu. Ilipima VVU, majibu yakawa hasi. Ilipiga picha ya kifua, mapafu yakawa safi. Halafu, bila kuchoma sindano hata moja kwenye tezi, ikaandika TB ya tezi na kumwanzishia dawa za miezi sita.

Aliyeandika sitaki kumlaumu sana. Katika nchi zetu kifua kikuu ndicho mshukiwa wa kwanza kijana akivimba tezi za shingo, na mara nyingi mshukiwa huyo ndiye mhalifu. Binti ana homa za jioni, amepungua kilo 6, anatoka jasho usiku. Daktari mwenye foleni hadi nje ya mlango anafuata uzoefu wake. Kosa lilikuwa kuuchukua uzoefu na kuufanya kipimo.

Mdogo wangu akameza. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, kama unavyokuwa kwa kila anayetumia rifampisini. Mwezi wa kwanza tezi zilinywea kidogo, tukashangilia. Mwezi wa tatu zikarudi, na hazikuja peke yake: vidole vilikuwa vikikaza asubuhi hadi akashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, uchovu wa kulala mchana kutwa, midomo imechanika. Yeye aliamini ni dawa zinamchosha. Jirani aliamini ni mkono wa mtu. Shangazi yetu mmoja, ambaye huwa hasemi, aliamini kipimo cha VVU kilikosewa, na akatenga kikombe.

Daktari aliyekata mzizi wa fitina hakuanza na tezi. Alimshika vidole, akavibonyeza kifundo kwa kifundo, akauliza: "Ukiamka, vinachukua muda gani kulainika?" Saa nzima, siku nyingine zaidi. "Ukikaa juani uso unakuwaje?" Akawasha tochi ya simu, akamwambia apanue mdomo, akaangalia juu kwenye kaakaa. Huko akakuta vidonda ambavyo mwenyewe hakujua kuwa anavyo, kwa kuwa haviumi. Kisha akamgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha.

Hapo naomba nikae kidogo, maana ni jambo linalotuangusha. Picha za vitabuni, nyingi zimepigwa Ulaya na Marekani, zinaonyesha upele mwekundu wenye umbo la kipepeo, mbawa mbili juu ya mashavu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni weusi uliokoza kuliko uso wenyewe, kama wa mtu aliyebabuka na jua, unapita juu ya mwamba wa pua, unatandaa mashavuni, lakini unairuka ile mikunjo inayoshuka kutoka puani kwenda kwenye pembe za mdomo. Mdogo wangu alikuwa na weusi huo kwa miezi mingi. Sisi tulidhani ni mkorogo, na mama mdogo alishamgombeza mara mbili.

Mkojo ulikutwa na protini. Damu ilikutwa na kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwenyewe. Tezi moja ya shingo ikatolewa nzima, ikapelekwa maabara, na jibu likarudi: hakuna kifua kikuu, hakuna saratani, ni chembe za kinga zilizozaana kupita kiasi. Ugonjwa ni lupasi.

Lupasi ina ukoo. Ndugu zake ni ile baridi yabisi inayovimbisha na kupinda vidole, ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo, ugonjwa wa Still, na wengineo, wote wakiwa na tabia moja: kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Tumezoea kuyaita magonjwa ya viungo, na jina hilo limetupoteza njia. Viungoni ndiko yanakopiga kelele. Sehemu kubwa ya upishi wake inafanyika humo kwenye tezi.

Kila siku mabilioni ya seli za mwili hufa na kuzolewa kimyakimya. Kwa mwenye lupasi uzoaji huo unasuasua. Masalia ya seli, hasa vinasaba vilivyokuwa vimefichwa ndani ya kiini, yanabaki yakizagaa, yanasombwa na limfu hadi kwa mjumbe, na mjumbe anayapokea kama mgeni asiye na barua ya utambulisho. Chembe zinazaana, kingamwili zinatengenezwa, zinakwenda kujeruhi seli nyingine, na hizo nazo zinaacha masalia yake. Mashtaka hayatoki nyumba moja, yanatoka mtaa mzima. Ndiyo maana tezi zinavimba shingoni, kwapani na kinenani kwa wakati mmoja, na ndiyo maana swali la bibi lilikosa jibu.

Tafiti za miongo iliyopita zilikuta kwamba karibu nusu ya wenye lupasi hupata tezi zilizovimba wakati fulani, hasa ugonjwa unapoanza na kila unapoamka upya. Kati ya wagonjwa 10 wa lupasi, 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Hata hivyo, ukisoma vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vya kuainisha lupasi, utakuta homa, nywele, vidonda vya mdomo, viungo na figo, lakini tezi hazimo. Walioziacha wana hoja: kitu kinachovimba kwa sababu mia hakiwezi kuwa ushahidi wa sababu moja. Lakini daktari kijana aliyekariri vigezo anaweza kuishika tezi, asiikute kwenye orodha, akaenda kuitafutia ugonjwa mwingine.

Waliotangulia hawakuzisahau. George Frederic Still alikuwa daktari kijana katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, alipochapisha mwaka 1897 maelezo ya watoto 22 wenye viungo vilivyovimba. Aliandika kwamba baadhi yao walikuwa pia na tezi na wengu vilivyokua, akasisitiza kuwa huo ni ugonjwa tofauti na baridi yabisi ya watu wazima. Mwaka 1971 Eric Bywaters akaeleza ugonjwa huo huo kwa watu wazima. Huu wa watu wazima unatuhusu sana, kwa sababu ya homa yake: inapanda mara moja au mbili kwa siku, mara nyingi jioni, inapita nyuzi 39, halafu inashuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Koo linauma, tezi za shingo zinatuna, na kipele hafifu kinatokea homa ikipanda na kupotea ikishuka. Mtu wa namna hiyo hapa kwetu atamaliza dozi tatu za malaria kabla hajaulizwa habari za magoti.

Kwenye baridi yabisi ya vidole, bibi angefurahi, maana kanuni yake inafanya kazi. Viganja na vifundo vya mikono vikivimba, tezi za kwapa nazo huvimba, kwa kuwa zile ndizo nyumba zake kumi. Mwanamke wa umri wa miaka 50 anayekwenda kupimwa matiti anaweza kuambiwa kuna tezi zimekua kwapani, akarudi nyumbani ameshajiandikia wosia. Mweleze anayepiga picha kuwa una ugonjwa wa vidole. Haina maana kwamba titi lisichunguzwe. Lichunguzwe, lakini anayesoma picha awe na habari zote.

Ugonjwa wa Sjögren ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika ukoo huu. Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, aliueleza mwaka 1933 katika tasnifu yake kuhusu wanawake 19 waliokaukiwa macho na midomo. Mgonjwa hawezi kumeza ugali mkavu bila maji, analala na kikombe kando ya kitanda, meno yanaoza mfululizo, machoni anahisi kama kuna mchanga. Mashavu yanavimba mbele ya masikio, na mtaani jibu liko tayari: matubwitubwi. Lakini matubwitubwi huja na kuondoka ndani ya siku chache, na aliyewahi kuyaugua ni nadra kuyaugua tena. Mama wa miaka 45 anayepata "matubwitubwi" kila baada ya miezi mitatu anahitaji daktari wa pili. Kati ya wagonjwa 100 wa Sjögren, 5 hadi 10 hupata limfoma, saratani ya tezi, katika maisha yao, mara nyingi ikianzia kwenye tezi hizo hizo za mate. Tezi ya mate iliyovimba upande mmoja na kukataa kunywea haifai kusubiriwa.

Na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Ugonjwa wa kinga unavimbisha tezi bila ubaya mkubwa, lakini pia unaongeza uwezekano wa limfoma. Kwa mwenye baridi yabisi uwezekano unakaribia mara mbili ya mtu mwingine, kwa lupasi unazidi hapo, kwa Sjögren unazidi tena. Chembe zinazozaana mfululizo kwa miaka hukosea kunakili vinasaba vyake, na makosa hayo yakirundikana yanaweza kuzaa saratani. Wagonjwa wengi huzielekezea lawama dawa. Utafiti mkubwa uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2006 ulielekeza kidole kwingine: kwa wenye baridi yabisi, hatari ilipanda kwa wale ambao ugonjwa wenyewe ulikuwa mkali kwa miaka mingi. Anayekataa matibabu kwa kuogopa saratani anaweza kuwa anaikaribisha.

Dawa nazo zina kesi yake, nisizitetee kupita kiasi. Methotreksati, mojawapo ya dawa za ukoo huu, ambayo humezwa mara moja kwa wiki na kamwe si kila siku, imewaletea wagonjwa wachache limfoma ambayo katika baadhi yao ilinywea dawa iliposimamishwa. Nyingi ya hizo zina alama za kirusi ambacho historia yake inaanzia jirani. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na ndani ya seli zake Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona, mwaka 1964, kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Karibu kila mtu mzima anacho, kimelala ndani ya chembe zile zile zinazotengeneza kingamwili. Kinga ikiwa timamu kinalala. Kinga ikivurugwa, na ugonjwa au na dawa ya kuituliza, kinaweza kuamka.

Kuna tezi nyingine zinazodanganya pande zote. Mwaka 1972, nchini Japani, Kikuchi na Fujimoto, kila mmoja kwa upande wake, walieleza tezi za shingo zinazowavimba zaidi wanawake vijana, pamoja na homa, ambazo chini ya darubini zinaweza kudhaniwa limfoma. Huisha zenyewe ndani ya miezi michache. Baadhi ya wagonjwa hao baadaye hugundulika kuwa na lupasi, kwa hiyo anayepona haachiwi aende moja kwa moja.

Sasa tezi yenyewe ipimwe vipi? Chini ya sentimita 1 kwa kawaida haimshtui mtu, na ya kinena inaruhusiwa kufika sentimita 1.5. Ya lupasi huwa laini na huru, kila moja na nafasi yake. Za kifua kikuu hupenda kushikamana kama maandazi yaliyokaangwa yakagusana, na zikiachwa hutoboka na kutoa usaha. Ya limfoma mara nyingi ni ngumu kiasi, inanepa kama mpira. Tezi iliyo juu ya mtulinga, kwenye lile shimo la bega ambamo wanawake hutia manukato, ni ya kutiliwa shaka kwa umri wowote. Lakini vidole vinadanganyika, na hakuna daktari mwaminifu atakayekuapia kwa vidole vyake tu, hasa kwa kuwa homa, jasho la usiku na kupungua uzito vinaweza kuonekana katika magonjwa yote matatu.

Sindano nyembamba ndiyo inayoanza. Inachukua dakika chache, inanyonya majimaji na chembe kidogo, na majimaji hayo yanaweza kuingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ikatoa jibu la kifua kikuu baada ya saa mbili hivi. Kwa limfoma sindano hiyo haitoshi. Mtaalamu wa maabara anahitaji kuona jinsi chembe zilivyopangwa ndani ya tezi, na mpangilio hauonekani kwenye tone. Tezi inatolewa nzima. Kovu alilobaki nalo mdogo wangu ni la urefu wa ukucha, na mkufu unalifunika.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kuharibu yote hayo, na kinauzwa kwenye duka la dawa la mtaa wako. Predinisoloni na deksamethasone, vidonge vidogo vya bei ya soda, ni dawa za kweli. Mwaka 1950 waliofungua njia yake, Hench, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobeli. Mtu mwenye lupasi kali anaweza kuokolewa figo nazo. Lakini mitaani kwetu zinamezwa kwa mafua, kwa mgongo, kwa muwasho, na kwa kutafuta unene. Mwenye tezi zilizovimba akizimeza kabla ya uchunguzi, tezi zinanywea kwa wiki chache, iwe ni lupasi au limfoma, kwa sababu dawa hizi zinaua chembe za kinga bila kubagua njema na mbovu. Mtaalamu akija kuichukua tezi, anakuta ushahidi umeshafutwa kwenye eneo la tukio. Na kama kilichokuwamo ni kifua kikuu, kimepewa nafasi ya kusambaa. Mdogo wangu alizimeza kwa siku kumi, kati ya msusi na hospitali ya kwanza. Alipewa na muuza duka aliyemwonea huruma.

Nisemapo hivi sikidharau kifua kikuu. Mwenye ugonjwa wa kinga anayetumia dawa za kuituliza, akipata tezi mpya, kifua kikuu kinarudi juu kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu, dawa ya kisasa ya baridi yabisi, na kwa wengi wao kilijitokeza nje ya mapafu. Wala mzunguko hauishii hapo: isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuleta lupasi ya muda kwa watu wachache. Kwa hiyo yule daktari alilazimika kuuliza kipi kilianza, dawa au dalili. Ushahidi wa msusi ndio ulioamua. Nywele zilikatika na vinundu vikatokea kabla ya kidonge cha kwanza.

Leo mdogo wangu anameza haidroksiklorokwini kila siku. Wasomaji wa rika langu wataitambua kwa nduguye, ile klorokwini chungu iliyokuwa ikituwasha mwili mzima usiku kucha, ambayo Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Kwamba dawa za malaria zinatuliza lupasi ni habari ya zamani. Mwaka 1951 Francis Page alichapisha nchini Uingereza ripoti ya wagonjwa waliopata nafuu kwa mepakrini, mojawapo ya dawa hizo za malaria. Haikomeshi kinga, inaituliza tu, na ni moja ya dawa chache za ukoo huu ambazo mjamzito huruhusiwa kuendelea nazo. Macho yanatakiwa kuchunguzwa mwanzoni, halafu kila mwaka baada ya miaka mitano. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia ikidhani inatibu korona, wagonjwa wa lupasi nchi nyingi waliikosa madukani. Hata sasa mdogo wangu akienda kuinunua, anaulizwa na muuzaji, kwa nia njema kabisa: "Dada, malaria yako haiponi?"

Tezi za kwapa zimeondoka. Mbili za chini ya taya zimebaki, ndogo kama choroko, na daktari amemwambia azishike mara moja kwa mwezi, si kila saa. Shangazi amerudisha kikombe kabatini bila maelezo.

Wewe unayesoma ukiwa umeshika shingo yako, shusha mkono kwanza. Tezi nyingi zinazovimba ni mtoki wa kawaida, na kidonda chake utakiona ukikitafuta. Lakini kama hukioni, na kinundu kimepitisha wiki nne, au kinakua, au kimetokea juu ya mtulinga, nenda hospitali ukaombe tezi ipimwe, isikisiwe. Mweleze daktari pia yale unayoyaona hayahusiani: vidole vya asubuhi, nywele, jua, vidonda vya mdomo, macho makavu, mkojo wenye povu. Na uende na orodha ya dawa zote ulizomeza miezi hii, hata zile za duka la jirani ambazo unaona aibu kuzitaja.